Kiti cha Tarumbeta Nilichokikataa

Mwezi Juni nilirudisha funguo za darasa, na tangu hapo walimu wawili watatu wa kwetu, vijana wanaofundisha muziki katika shule za huku, wamekuwa wakinipigia simu wakitaka niwaandikie yale mambo ya kazi ambayo chuoni hayasemwi. Nimekubali, ila nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ninyi mnakisoma na wakubwa wetu hawakisomi. Habari za vyeo sitazigusa. Vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Nitaeleza miaka yangu ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya tisini, maana yote niliyokuja kuwa baadaye yaliamuliwa pale, na si mimi niliyeyaamua yote.

Sikuja Marekani kufundisha. Nilikuja kupiga tarumbeta. Kwetu ni Maragoli, magharibi mwa Kenya, na baba yangu alikuwa kiongozi wa bendi ya kanisa, ile bendi ya shaba na ngoma kubwa inayotembea mbele ya watu Jumapili ikipanda na kushuka vilima. Nyumbani mtoto alipewa chombo cha kupuliza mara tu meno ya mbele yalipoota upya. Kaka zangu walipuliza kwa sababu waliamriwa. Mimi nilipuliza kwa sababu nilitaka. Nilipopata nafasi ya kusomea muziki Washington, baba aliwatangazia watu kanisani kwamba binti yake anakwenda kuketi kwenye okestra. Hakusema anakwenda kusoma. Alisema kuketi.

Nikasoma, nikamaliza, na sikuketi popote. Nilipanga nyumba Silver Spring, kando ya Washington, pamoja na Mama Shiro, mama wa Nyeri aliyefanya kazi ya kutunza wazee, naye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo hiyo. Wiki nzima niliogesha wazee, nikawalisha, nikawageuza kitandani. Jumamosi nilipiga kwenye harusi. Zaidi ya harusi niliitwa mazishini. Watu wakiwa hai hukodi mtu wa kucheza santuri. Wakifa, jamaa zao hukumbuka tarumbeta.

Katikati ya hayo nilikwenda kwenye usaili wa okestra. Wengine wenu hamjawahi kuuona, kwa hiyo nieleze. Wasikilizaji huketi nyuma ya pazia. Wewe huingia na namba tu, bila jina. Sakafu imetandikwa zulia, na kabla ya kuingia mtu hukunong'oneza uvue viatu, ili kisigino kisiwaambie walio nyuma ya pazia kwamba anayekuja ni mwanamke. Nililipenda pazia lile. Lilikuwa mahali pekee katika nchi hii ambapo hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Lakini hata pazia lina mdomo. Unafika katikati ya ukurasa, sauti inasema "asante," na wewe unatafuta viatu vyako.

Mara moja tu nilifika mwisho wa usaili. Ilikuwa okestra ndogo ya mji mmoja kusini mwa Virginia, na kiti kilichotafutiwa mtu kilikuwa cha tarumbeta ya pili. Walimchukua kijana mwingine. Meneja wao, mama mwenye sauti ya upole, alitoka hadi ukumbini kunieleza kwamba nilikuwa wa pili. Nikarudi Silver Spring nikiwa wa pili wa kiti cha pili.

Mama Shiro aliniona nimelala kitandani na nguo za safari, akakaa kando.

"Wanatafuta mwalimu wa bendi kule Upper Marlboro," alisema. "Yule waliyekuwa naye ametoka kabla ya Krismasi. Msichana wa kanisa letu anafanya kazi ofisini hapo."

"Mimi si mwalimu."

"Na kule kwa wazee wewe ni nani? Dadangu, ume-apply hizo okestra mpaka viatu vimeisha. Enda u-teach. Utapata insurance, meno yako yataangaliwa. Nani ashawahi kuona mtu wa tarumbeta hana meno?"

Nilikwenda kwa sababu ya meno. Niliwaambia nitakaa mpaka usaili mwingine utokee, na wao kwa jinsi walivyokuwa wamekwama, hawakujali. Walinipa ruhusa ya muda ya kufundisha huku nikisoma masomo ya ualimu jioni.

Shule ilikuwa nje kidogo ya Upper Marlboro, mahali ambapo mtu asiye na gari hahesabiwi kuwa yupo. Watoto waliletwa na mabasi ya manjano kutoka kila upande, na kengele ya mwisho ilipolia mabasi yale yaliwazoa wote, ukabaki uwanja mtupu. Kumbukeni habari ya mabasi, nitaihitaji.

Mwalimu mkuu aliitwa Bwana Garland. Alikuwa kocha wa mpira zamani, mtu mrefu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, na watoto walimpenda. Nataka niseme hivyo mapema ili msidhani namsimulia mtu mbaya. Alijua jina la kila mtoto. Alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye chumba cha bendi, kilichokuwa stoo ya jikoni hapo kale na bado kilinuka mafuta ya kukaangia, akafungua mlango, akasema, "Ni wako," akaondoka haraka kama mtu aliyeacha mbwa mkali na mgeni.

Ndani kulikuwa na watoto wengi kuliko viti. Ngoma zilikuwa zinapigwa na watu ambao si wapiga ngoma. Klarineti moja ilikuwa imefungwa kwa raba ya kufungia karatasi. Nusu ya tarumbeta zilikuwa zimekwama vipande vya mdomoni, maana mtu alikuwa amejaribu kuvitoa kwa koleo la fundi bomba. Hili mlishike tangu siku ya kwanza: kipande cha mdomoni kikikwama hakitolewi kwa koleo, wala kwa mlango, wala kwa nguvu za mtoto mnene wa darasa. Kuna kifaa chake, kidogo, cha skrubu mbili, kinavuta taratibu. Ombeni shule ikinunue. Ikikataa, nunueni wenyewe mkifiche.

Nilipandisha mkono ili wanyamaze. Hawakunyamaza. Msichana mmoja wa klarineti, bila uadui wowote, aliniuliza, "Na wewe utaondoka lini?"

"Kipindi kikiisha," nikasema.

Wakacheka, na kwa kuwa walikuwa wanacheka walikuwa wameacha kupiga ngoma. Nikapata nafasi ya kusema jina langu. Kageha liliwashinda, wakakata wakabakiza Miss K, na Miss K nilikuwa mpaka Juni hii.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Tolliver, mwalimu wa bendi wa shule moja ya Bowie, mji jirani, mama Mmarekani mweusi aliyekaribia kustaafu, mfupi, mwenye miwani ya mnyororo. Ofisi ya elimu ilimtuma kila Alhamisi aje anitazame. Siku ya kwanza alikaa nyuma, akasikiliza wimbo mzima, akaondoa miwani.

"Nimesikia," alisema. "Sasa waambie waache."

Watoto walipotoka aliniambia, "Unapunga mikono kama mtu anayefukuza nzi. Wewe ni mpigaji mzuri, nimesikia ukiwaonyesha. Hilo ndilo tatizo lako. Unawapigia wao wanakaa kukutazama. Weka tarumbeta yako kabatini."

"Watajifunzaje wasiposikia sauti nzuri?"

"Watajifunza kwa kusikia sauti yao mbaya. Wewe kazi yako ni kuwazuia wasiikimbie."

Kila nililolijua baadaye lilitoka kwake. Viti vipangwe kabla mtoto hajaingia, kwa sababu mtoto akipanga kiti chake atakipanga karibu na rafiki. Mtoto dhaifu aketishwe katikati ya wawili wenye nguvu, asiambiwe kwa nini. Penseli iwe kwenye kila kisimamio cha karatasi za muziki, maana anayekwenda kutafuta penseli harudi. Tarumbeta zioshwe nyumbani kwa maji ya vuguvugu ndani ya beseni la kuogea, na mzazi aambiwe mapema, la sivyo atapiga simu. Mtoto aliyefungwa nyaya za meno apewe miezi ya kuwa mbaya bila kufokewa. Na kila siku, kabla ya wimbo wowote, noti moja ndefu, wote pamoja, mpaka chumba kitulie. Bi. Tolliver hakuwahi kunisifu hata mara moja. Mwisho wa mwaka ule alikuja Alhamisi ambayo hakutumwa, nikajua nimekubaliwa.

Mwaka wa pili ndipo alipokuja Divine. Alikuwa mtoto wa Bukavu, Kongo, wazazi wake walikuwa wamepitia Nairobi, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Nilipomwamkia kwa Kiswahili aliangalia kama wenzake wamesikia, akanijibu kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo tulivyozungumza muda wote: mimi kwa lugha yetu, yeye kwa lugha yao. Walimu wengine waliniambia hasemi darasani na hasomi vizuri. Walikuwa wamemketisha nyuma. Alichagua tarumbeta kwa sababu ndiyo iliyobaki, yenye kibonyeo mahali ilipowahi kuanguka.

Sitaki kuwaambia kwamba alikuwa muujiza. Wanafunzi wa muujiza huwaangusha walimu wao. Alikuwa mtoto aliyesikiliza. Noti ile ndefu ya asubuhi, wengine waliivumilia. Yeye aliingia ndani yake. Alikuwa akitafuta sauti ya jirani yake, akaipata, akakaa nayo. Baada ya majuma machache safu yote ya tarumbeta ilianza kukaa mahali alipo, bila mtu kuwaambia, kama kundi linavyomfuata anayejua njia. Huko nyumbani nimewaona watu wazima walioishi ndani ya bendi maisha yao yote na hawakuwahi kufanya hivyo.

Baba yake alikuwa akifanya usafi katika hospitali. Siku moja alikuja kumchukua mapema, akasimama mlangoni na sare yake ya kazi, akasikiliza mpaka tukamaliza.

"Mwalimu," akasema, "miye niko na swali moja, usikasirike. Hii kitu itamusaidiaka nini? Bulletin yake ya masomo inasema mutoto hajui kusoma bien."

Nilimwonyesha karatasi iliyokuwa mbele ya binti yake. "Baba Divine, hii ni lugha. Huku anasoma mistari mitano kwa mpigo mmoja, na anajua walio pembeni yake wamefika wapi. Anayeweza hii atasoma na ile nyingine. Mpe muda."

Aliitazama karatasi, akamtazama mtoto. "Tangu tulitoka kule," akasema taratibu, "haongeake. Nyumbani anakaa tu. Leo ndio nasikia sauti yake." Akanipa mkono. "Basi muachie apulize."

Bi. Tolliver alipomsikia Divine alisema jambo moja tu: "Bendi hii iende kwenye tamasha." Alimaanisha tamasha la bendi za shule zote za kaunti, la kila Machi, ambapo bendi hupiga mbele ya waamuzi na kupewa daraja. Shule yetu haikuwahi kwenda. Bwana Garland alifurahi kupita kiasi. Alilitangaza asubuhi kwa kipaza sauti cha shule kabla sijawaambia watoto wenyewe. Tulianza kufanya mazoezi ya nyimbo mbili: mmoja wa haraka wa gwaride, na wimbo wa polepole unaoanza na tarumbeta peke yake. Nilimpa Divine mwanzo ule.

Januari, katikati ya mazoezi hayo, karani alinijia darasani akasema kuna simu ya mbali ofisini. Ilikuwa sauti ya upole, meneja wa ile okestra ya Virginia. Kijana waliyemchukua alikuwa amepata okestra kubwa zaidi, ameondoka. Hawakutaka kufanya usaili mpya katikati ya msimu. Wangenipa kiti, lakini nianze Februari, na walihitaji jibu kabla ya Jumatatu.

"Naweza kuja mwishoni mwa Machi?" nikauliza.

"Msimu wetu mkubwa ni Februari na Machi, mpenzi," akasema. "Ukija Aprili tutakuwa tumeshampata mtu."

Nilirudi darasani nikamalizia kipindi. Sikumbuki nilifundisha nini.

Siku ile ile nilikwenda kwa Bwana Garland. Nilimweleza yote, na nilimweleza wazi kwamba sina haja ya kubembelezwa. Nilitaka kujua kitu kimoja: nikikaa, nakaa kwa ajili ya nini? Shule zinabadilika, nilishasikia. Je, bendi ipo mwakani?

Aliinuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando yangu.

"Miss K," akasema, "maadamu mimi ndiye mkuu wa shule hii, bendi ipo. Una neno langu."

Jioni nilimpigia Bi. Tolliver. Nilidhani ataniambia nikae. Alisema, "Nenda."

"Na watoto?"

"Watoto watapona. Watoto hupona. Wewe ndiye hutapona."

"Wamebakiza majuma machache. Hakuna mtu wa kuwashika. Wakiletewa mtu mgeni hawataenda."

"Hawataenda, watalia, watasahau. Mimi nilipigiwa simu kama hiyo nikiwa na umri wako. Usiniulize nilijibu nini, unaniona niko wapi."

Nilikaa na maneno yake siku zile zote za mwisho wa juma. Mama Shiro alisema ni lazima nimekuwa mgonjwa, kwani si hii ndiyo kazi niliyoililia? Jumatatu nilimpigia meneja wa okestra nikakataa. Nilimpigia na baba pia, Maragoli, kwa kadi ya simu, nikamwambia nimepata kiti nikakiacha kwa ajili ya watoto wa bendi. Aliuliza ni watoto wa nani. Nikamwambia ni wa shule tu. Laini ilikuwa na mwangwi, sikuelewa alichosema baada ya hapo, na sikumwomba arudie.

Machi tulikwenda. Watoto walivaa mashati meupe na suruali nyeusi, wengine za kaka zao. Ukumbini wanakaa waamuzi watatu, kila mmoja na kinasa sauti chake, na bendi inapopiga wao husema humo yale wanayoyasikia. Divine alisimama. Noti yake ya kwanza ilipasuka, ikatoka kama kikohozi. Niliona mabega ya safu nzima yakipanda. Yeye alishusha tarumbeta, akavuta pumzi kama vile ana asubuhi nzima, akaipandisha, akaanza upya kutoka mwanzo, na mara hii ilitoka safi, ikaenda mpaka ukuta wa nyuma ikarudi. Sikupunga mkono wowote. Sikuhitajika.

Baada ya hapo wanakuingizeni chumba kingine, mnapewa wimbo ambao hamjapata kuuona, mnaambiwa mpige. Huko ndiko bendi nyingi hufa. Yetu ilitafutana noti kwa noti, ikafika mwisho pamoja.

Tulipata daraja la kwanza. Niliisikiliza kanda ya mmoja wa waamuzi ndani ya gari, nimeegesha nje ya shule. Nikafika pale noti ilipopasuka. Mwamuzi alisema, "Anaanza tena. Vizuri. Huyu amefundishwa kutoogopa." Niliirudisha kanda nikaisikia tena. Nakubali ilikuwa furaha. Kama nisingeisema mngeniona mwongo.

Mei Bwana Garland aliniita. Kikombe cha tamasha kilikuwa kimewekwa kwenye kabati la kioo mlangoni pake, nilikipita nikiingia. Hakuzunguka meza siku hiyo. Alieleza kwamba matokeo ya shule katika kusoma yalikuwa chini, kwamba kaunti inatazama, kwamba mwakani kila mtoto aliye chini ya kiwango atakuwa na kipindi cha pili cha kusoma, na kipindi pekee kinachopatikana ni kile cha bendi.

"Walio chini ya kiwango ni nusu ya bendi yangu," nikasema.

"Najua."

"Tarumbeta zote. Divine."

"Hasa Divine," akasema. "Mtoto yule anahitaji kusoma, Miss K. Unataka nimwambie baba yake nini akishindwa?"

"Ulinipa neno lako."

Nilitegemea aone haya. Hakuona. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo nisiyoweza kuimeza mpaka leo. "Nilisema bendi ipo," akasema. "Na itakuwepo. Itakuwa baada ya masomo."

Sasa yale mabasi. Hapakuwa na basi la saa za nyongeza. Mabasi yaliondoka kengele ikilia, na mtoto aliyebaki alihitaji mzazi mwenye gari na kazi inayoisha mchana. Wazazi wa bendi yangu walikuwa watu wa zamu mbili. Niliomba basi moja, siku mbili kwa juma. Nilikwenda mwenyewe mbele ya bodi ya elimu, nikapewa dakika zangu kwenye maikrofoni, nikamleta Bi. Tolliver naye akazungumza, na hakuwapaka mafuta. Walitushukuru wote wawili kwa moyo wetu. Niliwahi kusikia "asante" ya namna hiyo, ile ya nyuma ya pazia.

Baba Divine alikuja pia. Tulisimama kwenye maegesho.

"Mwalimu, nilikwenda kwa directeur," akasema. "Nimesema, kipindi cha kusoma aende, hakuna shida, lakini bendi musimutoshe, abakie. Anasema haiwezekani. Wewe uko mukubwa wa bendi. Ongea naye."

"Nimeongea, Baba Divine."

"Ongea tena."

"Nimeongea mpaka nimekwisha."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali, lakini hakuondoka. Mwishowe akasema, "Donc, basi tulimudanganya mutoto," bila kunilaumu, akaingia ndani ya gari.

Septemba bendi ya baada ya masomo ilianza na watoto wachache, ikafika Oktoba na wanne, wote watoto wa walimu. Hakuna aliyeifunga. Ilikauka yenyewe, na kwenye orodha ya shule ikaendelea kuandikwa kwamba ipo. Divine alirudisha tarumbeta siku moja ya mapumziko ya mchana. Alikuwa ameiosha. Nilimwambia aje wakati wowote, nitafungua chumba. Akasema, "It's okay, Miss K," na ndiyo mara pekee niliyotamani anijibu kwa Kiswahili. Mwaka ule familia yake ilihamia Germantown, upande wa pili kabisa, na shule ya huko ilikuwa na bendi kubwa ya watoto waliokuwa na vyombo vyao na walimu wa nyumbani. Baba yake aliniambia kwa simu kwamba walimpokea vizuri, wakamweka mwisho, naye hakutaka.

Niliandikia okestra. Kiti kilikuwa na mtu.

Mimi nilipewa toroli. Msicheke, wengi wenu mtalisukuma. Nilipakia filimbi za plastiki, nikazunguka darasa hadi darasa nikifundisha "kuthamini muziki," na walimu waliutumia muda wangu kunywa kahawa. Baada ya miaka kadhaa nilihamia shule nyingine, nikapata bendi tena, na nyingine baada ya hiyo. Baadhi zilikuwa nzuri. Nilifanya kazi yangu. Lakini midomo ni misuli, na isiyofanyiwa kazi haingoji. Nilipokuja kupata nafasi ya kwenda kwenye usaili, nilijipigia kwanza jikoni kwangu, nikajisikiliza kama Bi. Tolliver angenisikiliza, nikabaki nyumbani. Baba alifariki akiamini, au akisema anaamini, kwamba naketi kwenye okestra.

Miaka michache iliyopita nilikutana na Baba Divine kwenye harusi. Nywele zimekuwa nyeupe. Divine sasa ni mfamasia, ana watoto, wako salama wote.

"Na tarumbeta?" nikauliza, na nilijutia kabla sijamaliza.

"Ile?" Alicheka kidogo. "Siku moja nilimuuliza. Anasema, papa, miye nilipigaka tarumbeta? Hakumbuki kabisa, Mwalimu."

Nikamwambia ni vyema. Nadhani ni vyema.

Juni walinifanyia chakula cha mchana cha kuniaga. Bwana Garland alialikwa. Alikwishastaafu kutoka cheo kikubwa cha ofisi ya elimu, bado mrefu, bado na sauti. Alipewa nafasi ya kuzungumza, akawaeleza walimu vijana jinsi shule ndogo isiyo na kitu ilivyokwenda tamashani na kurudi na daraja la kwanza, na jinsi yeye na mimi tulivyosimama imara kwa ajili ya muziki wakati wengine walipokuwa wakiukata. Watu walipiga makofi. Nadhani aliamini kila neno. Kisha alikuja mezani kwangu na sahani ya keki, akaketi, akasema siku ile ya tamasha alikuwa amekaa safu ya mbele, na haitamtoka kamwe.

"Tulipiga nini?" nikamuuliza.

Alitabasamu. Alitazama keki yake, akaangalia dirishani, halafu akanitazama mimi, akingoja nimsaidie.

Sikumsaidia.